Baliwaini ya Kiingereza: jinsi ya kuiweka ikomae, na wakati wa kuifungua

Kila msimu wa baridi ukianza Uingereza na chupa za mwaka zikifika madukani, maswali ni yale yale. Mtu kapewa zawadi ya baliwaini, ile bia nzito na kali, kama Fuller's Vintage Ale ndani ya boksi lake, au kanunua Harvest Ale ya J.W. Lees, kisha anauliza: niinywe sasa au niiweke? Nikiiweka, kwa miaka mingapi? Kwenye friji au kabatini? Niilaze au niisimamishe? Na ile tarehe kwenye lebo ikipita, nitaumwa tumbo?

Swali kubwa nalijibu hapa hapa. Ndiyo, baliwaini nzuri ya Kiingereza hupata faida kwa kukaa. Lakini si kila chupa, na si muda wowote unaotaka wewe. Ikiwekwa mahali pa baridi, nyingi hufika ubora wao kati ya mwaka wa pili na wa nane. Zaidi ya hapo unaingia eneo la bahati. Kwa maoni yangu, chupa zinazopotea kwa kusubiriwa kupita kiasi, au kwa kuwekwa mahali pa joto, ni nyingi kuliko zile zinazofunguliwa mapema mno.

Bia yenyewe, kwa ufupi

Baliwaini si mvinyo wa zabibu. Ni bia ya shayiri iliyopikwa nzito, kileo chake kwa kawaida kikiwa kati ya asilimia 8 na 12, rangi kuanzia ya kaharabu hadi kahawia iliyokoza. Kiwanda cha Bass, mjini Burton upon Trent, ndicho kilicholipa jina hilo umaarufu kwa bia yake iliyoitwa No. 1. Kabla ya hapo, majumba ya makabaila mashambani yalikuwa na desturi ya kupika bia kali mwezi wa Oktoba, mavuno mapya yakiwa ghalani na hewa imepoa, kisha kuiacha kwenye mapipa kwa miaka. Akizaliwa mrithi, ilipikwa bia ya kufunguliwa siku atakapotimiza miaka 21.

Hadithi hiyo ya miaka 21 huwaponza wengi. Bia za zamani zilikaa kwenye mapipa ya mbao yenye hamira mwitu, aina ambayo Niels Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg aliieleza mwaka 1904 baada ya kuichunguza kwenye bia za Kiingereza za kuhifadhiwa; aliipa jina la Brettanomyces. Hamira hiyo iliendelea kula polepole sukari ambayo hamira ya kawaida imeshindwa, na bia ikawa inabadilika mwaka hadi mwaka. Chupa yako ya leo haina hamira hiyo. Kinachofanya kazi ndani yake ni hewa kidogo iliyonaswa shingoni, joto la mahali ulipoiweka, na hamira ya kawaida kama ipo. Kwa hiyo usipange miaka yako kwa kufuata mapipa ya makabaila.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chupa zisizopungua nne za bia moja, za mwaka mmoja. Sita ni bora zaidi. Ukiwa na chupa moja tu huwezi kujua kama imeboreka, kwa sababu hutakuwa na cha kulinganisha nayo.
- Mahali penye giza ambapo joto halipandi na kushuka ovyo. Nyuzi 10 hadi 14 za Selsiasi ndizo tunazozitafuta.
- Kipimajoto kinachoweka kumbukumbu ya joto la juu kabisa na la chini kabisa.
- Kalamu ya wino usiofutika, na mkanda wa karatasi wa kubandika kwenye chupa.
- Daftari.
- Glasi ndogo zenye tumbo pana na mdomo uliobana. Za mvinyo zinatosha kabisa.
- Kifungulio cha kawaida, na kizibuo kama chupa yako ina kizibo cha koki.

Hatua ya 1: Chagua bia inayohimili muda

Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kuharibika. Bia isiyojengwa kwa ajili ya kukaa haitajifunza kukaa kwa kuwa umeiweka stoo. Tafuta mambo manne: kileo kisichopungua asilimia 8; ladha inayotawaliwa na kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa) badala ya harufu ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu); uzito na utamu unaoonekana kuzidi kidogo bia ikiwa changa; na, ikiwezekana, hamira hai ndani ya chupa. Hamira hiyo hula sehemu ya oksijeni iliyoingia wakati wa kujaza chupa, na oksijeni ndiyo adui mkuu wa safari hii.

Kwa anayeanza napendekeza Fuller's Vintage Ale. Hupikwa Chiswick, London, imetolewa kila mwaka tangu 1997, ina kileo cha asilimia 8.5 na hamira hai. Kila toleo lina mwaka wake kwenye chupa, na mapishi hubadilika kidogo, mara aina nyingine ya hopsi, mara kimea kingine. Hiyo maana yake ni kwamba ukilinganisha toleo la mwaka huu na la miaka mitano nyuma, hulinganishi umri peke yake. Wengi husahau hili.

Ya pili ni Harvest Ale ya J.W. Lees, kiwanda cha upande wa Manchester. Ilianza 1986, ina asilimia 11.5, na hupikwa mara moja kwa mwaka kwa shayiri ya Maris Otter na hopsi za East Kent Goldings za mavuno mapya. Ikiwa changa ni tamu na nzito kiasi cha kuchosha. Baliwaini hii ndiyo inayonishawishi kuliko zote kwamba muda una kazi ya maana, kwa sababu tofauti ya changa na ya miaka mitano huitambua hata mtu ambaye hajawahi kuonja bia ya aina hii.

Ya tatu ina historia yake. Thomas Hardy's Ale ilipikwa mara ya kwanza mwaka 1968 na kiwanda cha Eldridge Pope cha Dorchester, kuadhimisha miaka 40 tangu mwandishi Thomas Hardy afariki. Lebo yake iliahidi kwamba bia ingedumu miaka 25. Eldridge Pope waliacha kuipika 1999, O'Hanlon's wa Devon wakaichukua kuanzia 2003 hadi 2008, na baadaye ikafufuliwa tena na wamiliki wengine. Ukikuta chupa ya zamani inauzwa, jua kwamba jina ni moja lakini waliopika ni tofauti.

Ambazo sikushauri kuziweka: baliwaini ya kopo, ambayo kwa kawaida haina hamira wala mwaka, na bia yoyote iliyosifiwa kwa harufu ya hopsi. Baliwaini za Marekani, kama Bigfoot ya Sierra Nevada iliyoanza 1983, ni watoto wa bia hizi za Kiingereza lakini zina hopsi nyingi zaidi. Wapo wanaoziweka miaka na miaka. Ila fahamu kwamba harufu ile ya misonobari na maganda ya balungi ndiyo itakayotangulia kuondoka, na kama hiyo ndiyo uliyoipenda, inywe mapema.

Hatua ya 2: Ikague chupa kabla ya kulipa

Kioo kiwe cha kahawia iliyokoza. Chupa isiwe imekaa dirishani au chini ya taa kali za rafu, maana mwanga huvunja viungo vya hopsi na kuacha harufu mbaya isiyo na dawa. Tazama kiwango cha bia shingoni na ukilinganishe na chupa za jirani, iliyopungua inavuja. Kizibo kisiwe kimepinda wala kuota kutu.

Onyo kuhusu chupa za zamani za mnada: unanunua miaka, lakini hujui miaka hiyo ilipitia wapi. Chupa ya miaka kumi iliyokaa juu ya jiko la mtu imezeeka kuliko ya miaka ishirini iliyokaa stoo ya baridi. Nunua changa, uizeeshe mwenyewe.

Hatua ya 3: Fungua moja sasa

Usiruke hatua hii kwa kuona uchungu wa kupoteza chupa. Ndiyo kipimo chako cha miaka yote ijayo. Inywe taratibu, uandike: uchungu ukoje, utamu ukoje, je, kileo kinachoma koo, harufu gani inatangulia na ipi inabaki. Tumia maneno yako mwenyewe. Kama inakukumbusha jemu ya machungwa au sukari guru, andika hivyo hivyo. Utaelewa vizuri zaidi baada ya miaka mitatu kuliko maneno ya kukopa kwenye lebo.

Na kama umeipenda sana ikiwa changa, tafakari kabla ya kuweka zilizobaki. Kukaa hakuongezi yale unayoyapenda sasa; kunayabadilisha kuwa mengine.

Hatua ya 4: Ziandike

Bandika mkanda wa karatasi kwenye kila chupa: jina, mwaka wa kupikwa, tarehe uliyoinunua, na mwaka unaokusudia kuifungua. Daftarini weka orodha hiyo hiyo. Andika kwenye mkanda, siyo kwenye lebo, kwa kuwa lebo hupata unyevu na kuchanika.

Hatua ya 5: Weka mahali panapofaa

Ukikosea hapa, hatua nyingine zote hazitakuokoa. Kemia inayozeesha bia huenda kasi joto linapopanda. Kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi hiyo huzidi mara mbili au zaidi. Na haiendi kasi kwa usawa. Bia iliyokomazwa kwa joto haifiki kwenye ladha ya tende na zabibu kavu kwa haraka. Inapitiliza moja kwa moja hadi kwenye ladha ya boksi lililoloa.

Weka kipimajoto mahali unapopafikiria kwa wiki nzima kabla ya kuhamishia chupa. Usiamini mkono wako.

Kama unaishi Uingereza au mahali pengine pa baridi: nyumba za zamani zina vyumba vya chini ya ardhi, na hapo huna la kutafuta zaidi. Kwenye fleti, kabati la chini ya ngazi au sakafu ya kabati la nguo kwenye ukuta wa upande wa kaskazini hufaa, mradi hakuna bomba la maji ya moto linalopita nyuma yake. Gereji huwadanganya watu. Ni baridi mnapoitazama Novemba, lakini Julai hugeuka tanuri, na Januari inaweza kuganda. Jikoni usiweke kabisa, hasa juu ya friji, ambako mota hutoa joto mchana na usiku.

Kama uko Afrika Mashariki: maeneo ya baridi kama Limuru, Lushoto au Makete yanaweza kukupa stoo inayofaa bila mtambo wowote, hasa chumba cha ukuta mnene kisichopigwa na jua. Nairobi na Arusha ni pa kujaribu kwa uangalifu. Kabati la ndani litakupa joto linalokubalika kwa mwaka mmoja au miwili, si kwa kumi. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, sahau kabati. Tafuta friji ndogo ya mtumba na kidhibiti joto cha nje, kile kinachochomekwa kati ya friji na soketi, kisha ukiweke kwenye nyuzi 12. Umeme ukikatika kwa saa chache usifungue mlango. Friji iliyojaa chupa hushika ubaridi vizuri na bia haitadhurika.

Kwa wanaosafirisha chupa kutoka Uingereza kwenye sanduku: zifunge kwa nguo moja moja, ziwe katikati ya sanduku, na uangalie kiwango cha forodha cha nchi unakokwenda. Ukifika, zisimamishe wiki mbili au tatu kabla ya kuonja, maana mashapo yote yametibuka.

Chupa zisimame wima. Hili huulizwa sana kwa sababu mvinyo hulazwa. Bia iliyosimama inagusana na hewa ya shingoni kwenye eneo dogo, na mashapo ya hamira hutua chini badala ya kuganda ubavuni. Hata za koki nazisimamisha, kwa sababu bia kali ikigusana na koki kwa miaka huanza kuvuta ladha yake.

Kuhusu kumwagia nta juu ya kizibo: inapendeza kwa macho, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya ubaridi. Mimi sihangaiki nayo.

Hatua ya 6: Panga ratiba ya kufungua

Kwa chupa sita, ratiba ninayoipenda ni hii: ya kwanza siku uliyonunua, ya pili baada ya mwaka mmoja, ya tatu baada ya miaka miwili na nusu, ya nne mwaka wa nne, ya tano mwaka wa sita. Ya sita haina tarehe. Utaipangia wewe baada ya kuonja ya tano. Ukiwa na nne tu, onja mwanzo, mwaka wa pili, mwaka wa nne, kisha uamue.

Kosa la kawaida ni kuahirisha. Mtu huweka chupa kwa ajili ya harusi, kwa ajili ya mahafali ya mtoto, kwa ajili ya siku ambayo haijulikani, na bia inavuka kilele chake ikiwa imefungwa. Ratiba iheshimiwe, hata kama siku yenyewe ni Jumanne ya kawaida.

Hatua ya 7: Fungua na umimine kwa utulivu

1. Siku mbili kabla, hamishia chupa mahali utakapoifungulia, isimame bila kuguswa.
2. Inywe ikiwa na nyuzi 12 hadi 14. Ikitoka kwenye friji ya kawaida, iache mezani kwa dakika 40 hivi. Ubaridi mkali huficha kila kitu ulichokisubiri.
3. Fungua taratibu, usikilize. Mlio mdogo wa gesi ni ishara njema. Ukimya si lazima uwe msiba.
4. Inamisha chupa na umimine kwa mkono mmoja, bila kuirudisha wima katikati. Kila ukiirudisha, mashapo yanapanda. Glasi ziwe zimepangwa tayari.
5. Acha bia kama kidole kimoja chini ya chupa. Mashapo hayana madhara ila yanachafua ladha.

Chupa ya mililita 500 ya Fuller's Vintage ina zaidi ya uniti 4 za kileo kwa hesabu ya Uingereza (uniti moja ni mililita 10 za kileo halisi), na chupa ndogo ya Harvest Ale ya mililita 275 ina zaidi ya 3. Hiki ni kinywaji cha kugawana watu watatu au wanne baada ya chakula, na hakuna anayeendesha gari baada yake. Kipande cha jibini ya Stilton pembeni ndicho kiandamano ambacho Waingereza wamekizoea, na wana haki: chumvi yake inaukata utamu wa bia vizuri sana.

Hatua ya 8: Onja ya zamani kando ya changa

Kama duka lina toleo la mwaka huu la bia hiyo hiyo, nunua moja na uzimimine bega kwa bega. Usitegemee kumbukumbu peke yake, ulimi husahau. Daftari lako la hatua ya 3 nalo liwe mezani.

Haya ndiyo mabadiliko ya kutarajia, kwa bia iliyokaa kwenye nyuzi 12 hivi:

Mwaka wa kwanza uchungu wa hopsi bado una makali, harufu ni ya matunda mabichi na jemu ya machungwa, na kileo kinajisikia kooni. Kufikia mwaka wa pili na wa tatu makali hayo yametulia. Uchungu umeshuka, kwa sababu viungo vya hopsi vinavyouleta huvunjika kwa muda, na kimea kinapata nafasi ya kuzungumza: tofi, mkate uliokaangwa, zabibu kavu. Mwaka wa nne hadi wa nane ndio wakati ninaoungoja. Oksijeni kidogo iliyomo imefanya kazi yake kwa subira, na unapata tende, tini, asali iliyokoza, lozi, na ile ladha ya mvinyo wa sheri ambayo wapenzi wa bia hizi huitafuta. Povu limepungua, gesi ni laini. Baada ya miaka kumi, sheri inatawala, mwili wa bia, yaani uzito wake mdomoni, unaanza kukonda, na sosi ya soya hujitokeza kwa sababu hamira iliyokufa imevunjika ndani ya chupa.

Safari hii haiendi kwa mstari ulionyooka. Chupa ya mwaka wa pili inaweza kukuvunja moyo, ikaonekana haina uchangamfu wa changa wala kina cha iliyokomaa, kisha ya mwaka wa nne ikakushangaza. Usizimalize zote kwa hasira ya chupa moja.

Hatua ya 9: Amua kuhusu zilizobaki

Jiulize maswali matatu. Je, iliyokaa imepata ladha mpya ninazozipenda, au imepoteza tu? Je, bado ina utamu na uzito wa kuiwezesha kuendelea? Je, kuna dalili ya boksi au karatasi iliyoloa? Ukiona ladha mpya na mwili bado upo, endelea na ratiba. Ukiona boksi, hata kwa mbali, zinywe zilizobaki ndani ya miezi michache, kwa sababu ladha hiyo ikishakaa nzito haitoki.

Na ukiona iko pale pale unapopataka, zihamishie kwenye friji ya kawaida, nyuzi 4 hivi. Ubaridi huo unapunguza mwendo sana na kukununulia muda wa kuzinywa bila haraka. Bia inaweza kuwa na ukungu kidogo ikiwa baridi hivyo. Bia ikipata joto mezani, ukungu huo unatoweka.

Kwa wanaopika wenyewe nyumbani

Neno moja tu. Mafanikio ya kuhifadhi huamuliwa siku ya kujaza chupa: bia isirukeruke ikavuta hewa, mrija ufike chini ya chupa, na kama bia imekaa miezi kwenye chombo ongeza hamira mpya kidogo pamoja na sukari ya kuzalisha gesi chupani, maana ile ya zamani imechoka kwa kileo. Tumia vizibo vyenye utando wa kunyonya oksijeni ukivipata.

Mambo yakienda kombo

Harufu ya boksi au karatasi iliyoloa. Oksijeni imeila bia kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu ya joto. Haitibiki. Zilizobaki zinywe mapema au zipikie. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu na bia hii na vitunguu ni chakula cha heshima.

Haina gesi kabisa. Kwa baliwaini ya miaka mingi ni kawaida, hasa yenye kileo zaidi ya asilimia 10. Onja kwanza. Kama ladha ni nzima, inywe kama unavyokunywa sheri. Kama kiwango kilikuwa kimeshuka shingoni na ladha imechakaa, kizibo kilivuja.

Imekuwa chachu kama siki. Vijidudu viliingia. Dalili hii kwa chupa ya kiwandani ni nadra. Kwa bia ya nyumbani angalia usafi wa vifaa. Usiendelee kuhifadhi za pishi hilo.

Sosi ya soya. Kidogo kinaongeza kina, kama chumvi kwenye mchuzi. Ikizidi hadi kufunika matunda, bia imepita wakati wake.

Inafoka ikifunguliwa. Kwanza hakikisha haikutikiswa na haikuwa ya joto. Kama ilikuwa imetulia na baridi, kuna kitu kinachochachua ndani. Zilizobaki za kundi hilo ziweke kwenye friji, ndani ya boksi gumu, na uzifungulie kwenye sinki, kwa sababu shinikizo likizidi chupa hupasuka.

Harufu ya kicheche au mpira ulioungua mara tu unapofungua. Chupa ilipigwa na mwanga, na pengine ilianzia dukani. Badilisha duka.

Vipande vinaelea. Ni protini na hamira iliyogandamana. Isimamishe siku mbili zaidi, au imimine polepole kwenye jagi safi ukiacha vipande nyuma, kisha ugawe.

Ni tamu mno na inachosha. Kama ni changa, ndiyo tabia yake; subiri mwaka mwingine. Kama huwezi kusubiri, inywe baridi zaidi, nyuzi 8 hivi, kwenye glasi ndogo.

Koki imevunjika. Sukuma kipande kilichobaki ndani taratibu, mimina kupitia kichujio cha chai, na uinywe yote siku hiyo.

Tarehe ya lebo imepita. Tarehe hiyo inahusu ladha ambayo kiwanda kinaidhamini, siyo usalama. Vijidudu vya kuleta magonjwa havistawi ndani ya bia yenye kileo na hopsi kiasi hiki, kwa hiyo chupa nzima isiyovuja haitakuumiza tumbo. Ifungue, uinuse, uonje funda moja, na uandike ulichokikuta.